Nyumba ya Pauni 10

Wasomi wenzangu, mwambie mtu kwamba nyumba ya kukandika inaweza kudumu karne kadhaa, atakucheka. Basi twendeni Alfriston, kijiji cha Sussex, kusini mwa Uingereza, tukaione Clergy House, nyumba ya zama za kati.

Mifupa yake ni mbao za mwaloni. Nguzo na boriti zimeungwa kwa ulimi na tundu, zikakazwa kwa vigingi vya mti. Mifupa hiyo ndiyo inayobeba paa la nyasi. Udongo uliokandikwa kati ya nguzo haubebi paa. Ukichoka, unakandika upya na nyumba imesimama vilevile. Katikati kuna ukumbi ulio wazi hadi paani, maana zamani moto uliwashwa sakafuni na moshi ukapanda juu.

Mwishoni mwa karne ya 19 nyumba ilikuwa hoi, na kanisa lililoimiliki lilikuwa tayari kuibomoa. Kasisi wa kijiji, F. W. Beynon, akahangaika kuiokoa. Mwaka 1896 National Trust, yenye umri wa mwaka mmoja tu, ikainunua kwa pauni 10. Lilikuwa jengo lake la kwanza.

Mimi nasomea usanifu majengo, na darasani nyumba ya udongo huwa tunaitaja kama umaskini wa kuondolewa. Lakini adui si udongo. Adui ni mchwa, maji kwenye mguu wa nguzo, na kukosa fundi. Likizo hii, ukifika kwa bibi, kagua nguzo zake. Kisha uliza: nani kijijini bado anajua kuzibadilisha?