Kile kisanduku cha ku prizi: kinapunguza kweli faktire ya kuran?



Leo hatuzungumuzi mbegu wala mbolea, lakini kitu kinachokula feza ya sanduku letu vilevile: kuran. Koperative nyingi ziko na pompi ya maji, mashini ya kusaga mahindi, ao ampuli za kupasha vifaranga joto. Sasa wauzaji wanatembeza visanduku vya plastiki vyenye taa ya kijani. Wanasema: "Tia tu ku prizi, faktire ya SNEL itashuka nusu." Tununue? Feza ni ya wanachama wote, basi tuangalie vizuri mbele ya kuitoa.

1. Ndani muko nini?

Kwa kawaida muko taa ndogo, waya, na kondensatere moja. Kondensatere si kitu cha uongo. Motere ya pompi inavuta kuran ya aina mbili: ile inayofanya kazi ya kuzungusha pompi, na ile inayoipa motere sumaku yake, ambayo inakwenda na kurudi tu katika waya. Kondensatere inaweza kutoa hiyo ya pili karibu na motere. Hapo ndipo muuzaji anapochukua nusu ya ukweli.

2. Kontere inahesabu nini?

Kontere ya nyumba inahesabu kilowati-saa, ni kusema kuran iliyofanya kazi. Ile inayokwenda na kurudi, haiihesabu.

Tuchukue pompi ya wati 750 ku volti 220. Kama kosfi yake ni 0,75, inavuta ampere 4,5 hivi. Ukiweka kondensatere inayofaa kabisa, zinashuka mpaka 3,4. Muuzaji akikuonyesha kipima-ampere, utaona kweli namba inashuka! Lakini wati ni zilezile 750. Endesha pompi saa 4: kontere itaandika kilowati-saa 3, uwe na kisanduku ao usiwe nacho. Ni kama kumulipa mwenye kinga kwa kilo za mahindi anazofikisha: mizigo ikitikisika njiani ao isitikisike, kilo ni zilezile.

Resho na ampuli ya zamani hazina hata ile kuran ya kwenda na kurudi, basi kisanduku hakina cha kurekebisha.

Mwaka 2009 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza jambo hili hili: kurekebisha kosfi nyumbani hakushushi malipo. Viwanda vikubwa ni jambo lingine, juu vinaweza kulipishwa kosfi mbaya. Kule fundi anapiga hesabu na kuweka kondensatere kubwa kulingana na motere.

3. Juu ya nini basi wengine wanakisifu?

Kwanza, tazama majira. Ukinunua kisanduku mwezi wa kumi, wakati wa kumwangilia sana, na mvua ikaanza mwezi wa kumi na moja, pompi inalala na matumizi yanashuka. Aliyepunguza ni mvua.

Pili, tazama delestaji. Mwezi wa giza nyingi, kontere inatembea polepole. Aliyepunguza ni giza.

Tatu, nyumba nyingi hapa kwetu hazina kontere, zinalipa forfe. Kwao jibu ni fupi: forfe haifuate matumizi, kwa hiyo hakuna kifaa cha ku prizi kinachoweza kuishusha hata franga moja.

4. Jaribu kama unavyojaribu mbegu mpya

Munajua shamba la ushahidi: mbegu mpya upande mumoja, ya zamani upande mwingine, udongo uleule, siku ileile. Fanya vilevile na kuran:

- Zima vyombo vingine vyote. Andika namba ya kontere.
- Endesha pompi saa 1 bila kisanduku. Andika tena.
- Rudilia saa 1 na kisanduku ku prizi.
- Badilisha zamu mpaka ufikishe mara tatu kila upande.

Muuzaji akikataa jaribio hili mbele ya kulipwa, umeshapata jibu lako.

5. Feza inaokolewa wapi?

- Ampuli ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku inakula kilowati-saa 9 kwa siku 30. LED ya wati 9 inakula 1,35 tu. Lakini LED haipashe joto: usiiweke kwa vifaranga. Kwao, ziba upepo unaoingia chini ya mulango.
- Resho ya wati 1000, saa 2 kila siku, ni kilowati-saa 60 kwa mwezi. Funika chungu, loweka maharagi tangu jana yake.
- Kwa pompi: ziba tuyo zinazovuja, safisha kichujio, mwangilia asubuhi mapema ao magaribi, na funika matuta kwa majani makavu. Udongo ukitunza maji, pompi inafanya kazi saa chache. Hiyo ndiyo dawa ya faktire.

Maulizo ya kuzungumuza katika kikundi

1. Koperative yetu inalipa kwa kontere ao kwa forfe?
2. Chombo gani kinakula kuran kupita vingine? Wati zake zimeandikwa wapi?
3. Feza ya kisanduku ingenunua ampuli za LED ngapi, ao metre ngapi za tuyo mpya?