Manchester Nje ya Uwanja wa Mpira

Jumamosi jioni ukipita kwenye kibanda umiza chochote karibu na chuo, jina la Manchester utalisikia kabla hujafika mlangoni. Sisi tuliosoma Historia sekondari tunalijua jina hilo kwa njia nyingine pia: Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika, Manchester, 1945. Tulilikariri, tukaliandika kwenye mtihani, tukapata maksi, basi, yakaisha. Wachache kati yetu wamewahi kukaa wakafikiri kwamba Manchester ya mpira na Manchester ya mtihani ni mji uleule, na kwamba mtu anaweza kutoka uwanjani asubuhi na mchana akawa amesimama pale walipokutana akina Kenyatta na Nkrumah.

Makala hii ni ya mwenzetu atakayebahatika kwenda huko kwa masomo, kongamano au kumtembelea ndugu. Ni ya walimu watarajiwa pia, hata wale ambao safari yao itaishia kwenye ramani ya simu. Hoja yangu ni moja: usiutembelee mji huu kwa kukusanya picha. Fuata pamba, nayo itakupeleka karibu kila mahali panapofaa kuonwa.

Anzia kwenye mashine

Nenda kwanza Science and Industry Museum, barabara ya Liverpool Road. Eneo hilo lina stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1830, ambayo ndiyo stesheni ya abiria kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Ndani kuna mashine za kusokota na kufuma zilizoufanya mji huu uitwe Cottonopolis, yaani mji wa pamba. Kuingia ni bure.

Sasa ukiwa mbele ya mashine hizo, jiulize swali la mwalimu: pamba hii ilichumwa na nani? Sehemu kubwa ilitoka kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, pamba ikakatika, viwanda vikafungwa na familia za wafanyakazi zikalala njaa. Hata hivyo, tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana wakamwandikia Rais Lincoln kumuunga mkono dhidi ya utumwa. Lincoln aliwajibu Januari 1863. Sanamu yake ipo Lincoln Square, na chini yake yamechongwa maneno kutoka kwenye barua hiyo. Simama uyasome, maana si kila siku mtu mwenye njaa huandika barua kumtetea mwingine.

Uzi huu unafika mpaka kwetu. Mwaka 1902 wenye viwanda waliunda British Cotton Growing Association ili watafute pamba katika makoloni. Miaka michache baadaye pamba ilikuwa zao kuu la biashara Uganda. Kwa hiyo ukifundisha kilimo cha kikoloni, ujue upande wa pili wa somo lako uko Manchester.

Maktaba mbili

John Rylands Library, mtaa wa Deansgate, ukiiona kwa nje utadhani ni kanisa. Ilijengwa na Enriqueta Rylands kwa kumbukumbu ya mumewe, tajiri wa pamba, na ikafunguliwa kwa wasomaji mwaka 1900. Humo kuna kipande kidogo cha mafunjo chenye maneno ya Injili ya Yohana, kinachohesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Agano Jipya. Nayo ni bure.

Ya pili ni Chetham's Library, iliyoanzishwa mwaka 1653. Hii ndiyo maktaba ya umma kongwe kuliko zote katika nchi zinazozungumza Kiingereza. Karl Marx na Friedrich Engels walisoma hapa pamoja kiangazi cha 1845, na kona waliyokaa bado ipo. Engels aliufahamu mji huu kwa sababu baba yake alikuwa na hisa katika kiwanda, na kiwanda hicho, bila shaka umeshakisia, kilikuwa cha pamba.

Mahali watu walipodai haki

Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika uwanja wa St Peter's Field kudai uwakilishi bungeni. Manchester, pamoja na ukubwa wake wote, haikuwa na mbunge wake. Wapanda farasi wenye panga waliwavamia, na watu wapatao 18 wakafa. Mkasa huo unaitwa Peterloo, na mnara wake wa kumbukumbu ulizinduliwa mwaka 2019. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika St Peter's Square, kuna sanamu ya Emmeline Pankhurst, ambaye mwaka 1903 alianzisha mjini humu chama cha wanawake cha kudai kura. Ukitaka habari yote kwa pamoja, ingia People's History Museum.

Cavendish Street

Hapa ndipo mwanafunzi wa Afrika Mashariki asipopita kimyakimya. Mtaa huu una sehemu ya mbele ya jengo la Chorlton-on-Medlock Town Hall, ambalo sasa ni sehemu ya Manchester Metropolitan University. Mkutano wa Tano ulifanyika hapa Oktoba 1945. Walikuwapo Jomo Kenyatta, Kwame Nkrumah, George Padmore, Amy Ashwood Garvey na W. E. B. Du Bois, mzee wa miaka 77.

Kwa nini Manchester? Sababu moja ni ya kawaida kabisa. Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana aliyekuja kuishi Kenya baadaye, alikuwa na migahawa mjini humo na alisaidia gharama. Ukombozi nao unahitaji mtu wa kulipia chakula! Miaka 18 hivi baadaye, Ghana na Kenya zote zilikuwa huru. Pale nje kuna kibao cha kumbukumbu tu, hakuna foleni wala kiingilio.

Mpira, tumbo na mfuko

Sijasema usiende uwanjani. Ila ujue Old Trafford iko wilaya ya Trafford, nje ya mpaka wa jiji la Manchester, jambo ambalo mashabiki wa City hawachoki kulitaja. Ziara za viwanjani zina kiingilio na hazipoi bei, kwa hiyo weka akiba mapema, maana boom haliwezi kila kitu. Chakula kitafute Wilmslow Road, eneo la Rusholme, kwenye migahawa ya Kihindi, Kipakistani na Kiarabu, pilau hutaikosa. Katikati ya mji panatembeleka kwa miguu. Chukua koti la mvua hata kama ni Julai, na uhakikishe siku za kufungua kabla hujatoka.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Wafanyakazi wa 1862 walikuwa na sababu gani ya kunyamaza, na kwa nini hawakunyamaza?
2. Utamfundishaje mwanafunzi wa kidato cha tatu Mkutano wa 1945 bila kumkaririsha majina?
3. Katika mji unaosoma wewe, ni jengo gani unalopita kila siku bila kujua lilifanyika nini humo? Anza kuuliza wiki hii.