Ukakasi: Neno la Kale kwa Sayansi ya Leo

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuielezea sayansi ya lishe. Makala haya yanalipinga dai hilo kwa kulichunguza neno moja: ukakasi.

Anayekula bibo huhisi ulimi ukikwaruza. Hizo ni tanini, kundi mojawapo la polifenoli, kemikali ambazo mimea hujiundia na ambazo huikinga dhidi ya walaji. Tanini hunasa protini za mate, na utelezi wa kinywa ukatoweka. Wapwani huiita chai isiyotiwa maziwa chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko, na gome lake lina tanini tele. Chai nayo ina polifenoli nyingi.

Vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari navyo ni protini. Katika maabara, polifenoli huweza kuvizuia, sukari ikatoka polepole.

Hata hivyo, maabara si mwili. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 yalibaini kwamba chai ya kijani iliwapunguzia watu wanene uzito kidogo mno, usio na uzito kitabibu. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa kwa kutegemea chai, seuze chai iliyojaa sukari.

Basi sisi tunaofasiri maelezo ya afya tuanze na neno alijualo mgonjwa. Akiambiwa polifenoli pekee, huenda akaitikia tu kwa heshima. Akianziwa na ukakasi, ataelewa, na ataweza kuuliza.