SOMO LETU: JINA LA KIJITO LISIPOTEE



Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, Isaka alifukua visima vya baba yake Abrahamu ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia. Hakuvitungia majina mapya. Alivirudishia yale ya baba yake. Leo tujifunze kwa watu wa Ayalandi, ambao majina yao pia yalifukiwa.

Wengi wetu tunawajua mapadre wa Kiltegan waliofanya kazi huku Kenya. Kiltegan ni kijiji cha Ayalandi chenye makao yao makuu. Kumbe jina hilo si Kiingereza! Ni Kigaeli, Cill Téagáin, yaani kanisa la Tegan.

Majina yalifukiwaje?

Mwaka 1824 serikali ya Uingereza ilianza kupima Ayalandi yote, kwa ajili ya kodi ya ardhi. Katika miaka ya 1830, msomi John O'Donovan alizunguka akiwauliza wenyeji majina ya mahali na maana yake. Aliyaandika vizuri daftarini. Lakini kwenye ramani yaliwekwa kwa maandishi ya Kiingereza. Cnoc Rua, yaani kilima chekundu, ikawa Knockroe. Tobar Mór, yaani kisima kikubwa, ikawa Tobermore.

Halafu mwaka 1845 viazi vikaoza, njaa ikaingia. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja wakahama. Walioumia sana ni maskini wa mashambani, na wengi wao walisema Kigaeli. Mwishowe mtoto anasoma Tobermore, hajui kwamba jina linamwonyesha maji.

Waliyafukuaje?

Kati ya 1937 na 1939, watoto kutoka shule kama 5,000 walitumwa kuwauliza wazee hadithi, dawa, na majina ya mashamba, vilima na visima. Daftari zao zipo hadi leo. Na zile za O'Donovan pia zinasaidia wataalamu kurudisha majina ya asili. Tunaona basi: kilichoandikwa kutoka kinywani mwa mzee hakikufa.

Sisi tufanyeje?

1. Tembeeni na mzee mpaka mahali penyewe. Akiona lile jiwe au ule mti, atakumbuka.
2. Andikeni jina vile yeye analitamka, sio vile ofisi inaliandika.
3. Andikeni maana. Kama hajui, andikeni "hajui". Msibuni.
4. Andikeni nani amesema, umri wake na tarehe.
5. Ulizeni mtu wa pili na wa tatu. Wakitofautiana, andikeni yote.
6. Nakala moja ikae kwa mwandishi wa kikundi, nyingine parokiani.

Hii si kazi ya kupitisha wakati. Siku mtu atakapozungushia chemchemi ua na kusema hapa hapakuwa na maji ya watu wote, jina na maneno ya wazee yatakuwa ushahidi wenu. Bila hayo mtabaki na kelele tu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni vijito vingapi hapa kwetu ambavyo vijana hawajui majina yake?
2. Ni mzee gani tumtembelee kwanza, kabla ya mvua?
3. Nani kati yetu ataandika?

Mzee hangoji daftari.