SOMO LA WIKI: Sauti bora ni bidhaa, uliza mwenye mfumo

Mfanyabiashara wa Songea anayeagiza spika na vifaa vya kusikilizia muziki wa intaneti ajiulize: mfumo wa sauti anaoulipia ni mali ya nani?

Kampuni ya Tidal iliwauzia wateja sauti ya hali ya juu kwa mfumo wa MQA, mali ya kampuni moja ya Uingereza. Watengenezaji wa vifaa walilipia leseni. Aprili 2023 kampuni hiyo iliwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Julai 2024 Tidal ikaiacha MQA na kuhamia FLAC, mfumo usiodai leseni. Vifaa vya MQA bado vinapiga muziki, ila nyongeza ya bei yake imekosa kazi huko Tidal.

Tazama pia mfuko wa mteja. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 ya kilobiti 320 hula megabaiti 10 hivi. Wa FLAC kwa kawaida hula mara mbili au zaidi. Na bluetooth ya kawaida huipunguza tena sauti hiyo.

Basi, kabla ya kufunga mtaji, pima mambo matatu: mwenye mfumo, bando la mteja na uwezo wa spika.