AFYA YETU: Boti Ing'ae, Mtoto Asidhurike



Kibondo na Kasulu ni nchi ya vilima. Wengi wetu ni wakulima wa mahindi, maharage, mihogo na migomba. Lakini wako ndugu zetu wanaovua samaki katika mto Malagarasi. Wengine huteremka hadi Ziwa Tanganyika. Vyombo vyao vingi ni vya mbao. Vichache ni boti ndogo za alumini, yaani madini yale yale ya sufuria.

Leo tutajifunza kusafisha boti ya alumini na kuipaka rangi bila kudhuru afya.

Tuchukue mfano. Mvuvi ameleta boti yake nyumbani. Ameiweka uani, karibu na jiko. Anakwangua rangi kuukuu kwa msasa mkavu. Vumbi linaangukia maharage yaliyoanikwa. Linaingia katika mtungi wa maji. Mtoto anatambaa hapo hapo na kulamba vidole. Jioni baba anaingia ndani na nguo zile zile, anampakata mtoto. Boti imependeza. Je, mtoto yuko salama?

Sumu iliyomo katika rangi

Rangi nyingi za zamani, na nyingine za siku hizi, zina risasi. Ni madini mazito yale yale yanayotengenezewa risasi za bunduki na chubwi za mishipi. Viwanda viliyatia ili rangi ikauke upesi na idumu. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu na rangi za manjano ndizo zilizotiwa sana.

Rangi ikiwa imeshika vizuri, risasi hukaa humo. Ukiikwangua, inakuwa vumbi. Vumbi huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono michafu.

Mtoto mdogo huumia zaidi, kwa sababu ubongo wake bado unakua. Anaweza kuumwa tumbo, kufunga choo na kupungukiwa damu. Anaweza kuwa mzito wa kujifunza. Mara nyingi haonyeshi dalili mapema. Akili iliyoharibika kwa risasi hairudi. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni. Mtu mzima hupata ugonjwa wa figo na shinikizo la damu.

Mwaka 2010, huko Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa vumbi la risasi. Lilitoka katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa karibu na nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kwa macho huwezi kujua rangi ipi ina risasi. Kwa hiyo, hesabu kila rangi kuukuu kuwa ni sumu.

Je, ni lazima kupaka rangi?

Chuma hupata kutu. Alumini haipati kutu nyekundu. Hujifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba inayoilinda. Katika maji yasiyo na chumvi, kama ya Malagarasi, boti ya alumini inaweza kukaa miaka mingi bila rangi. Ukiiacha hivyo, umeokoa fedha na afya.

Kama unataka ing'ae, ioshe kwa maji, sabuni ya kawaida na kitambaa. Usitumie majivu wala magadi. Vitu hivi hula alumini. Usisugue kwa waya wa chuma. Vipande vya chuma hubaki juu yake, navyo huanza kuiharibu.

Ukiamua kupaka rangi

1. Fanya kazi nje, mbali na nyumba, kisima na chakula. Watoto na mama wajawazito wasikaribie.

2. Rangi iliyoshika vizuri usiikwangue. Ondoa ile inayobanduka tu.

3. Lowesha kwanza. Tumia msasa wa maji, na lowesha tena kila mara. Vumbi lililolowa haliruki. Usichome rangi kwa moto, maana moshi wake ni sumu.

4. Funika pua na mdomo. Lakini kitambaa peke yake hakitoshi. Maji ndiyo kinga kubwa.

5. Kusanya mabaki yote kwa kitambaa kilicholowa. Usiyatupe mtoni wala shambani. Muulize bwana afya mahali pa kuyafukia.

6. Dukani, uliza rangi ya alumini isiyo na risasi. Usinunue rangi ya vyombo vya majini yenye shaba, kwa kuwa shaba hula alumini.

7. Tina na petroli hushika moto upesi, na harufu yake hulevya. Usivute sigara hapo. Usioshe brashi mtoni.

8. Kabla ya kula au kumshika mtoto, nawa kwa sabuni na badili nguo. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Jambo moja zaidi. Kopo la rangi likiisha, litoboe. Lisigeuzwe kuwa chombo cha maji, mafuta wala pombe. Hata ukiliosha mara kumi, sumu inaweza kubaki.

Kama mtoto amekaa kwenye vumbi hilo, mpeleke zahanati hata kama anacheza vizuri. Mweleze mganga habari ya rangi, maana bila kuambiwa anaweza kudhani ni minyoo au malaria.

Boti iliyoharibika hununuliwa nyingine. Akili ya mtoto haiuzwi dukani. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini msasa mkavu ni hatari kuliko msasa wa maji?
2. Kwa nini boti ya alumini si lazima ipakwe rangi?
3. Katika kijiji chako, makopo ya rangi hutumiwaje? Mtafanya nini?