Ujuzi Wako Usizikwe



Umejifunza kusoma na kuandika ukiwa mtu mzima. Huenda siku ya kwanza ulipokwenda darasani, mtu alikucheka njiani. Huenda alikutajia methali hii: "Samaki mkunje angali mbichi." Alitaka kusema kwamba mtu hufundishwa akiwa mtoto, na akikua amekwisha kukauka.

Methali hiyo ina kazi yake katika kulea watoto. Lakini mtu si samaki. Samaki akikauka hakunjiki tena. Mtu huweza kujifunza mpaka uzeeni. Ushahidi ni wewe mwenyewe. Zamani hukujua hata herufi moja, na leo unasoma ukurasa huu.

Katika somo hili tutazungumza juu ya mambo matatu yanayomkuza mtu mzima. La kwanza ni kubuni, yaani kutengeneza kitu kwa akili na mikono yako. La pili ni kutunza afya ya mwili na ya moyo. La tatu ni kufundishwa na mwenzako, na wewe kumfundisha mwingine. Tuanze na habari za mtu mmoja.

1. Fundi aliyeanza na miaka 36

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma shule kwa miaka michache tu. Alipokuwa kijana aliondoka kwao kutafuta kazi. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za namna nyingi ili apate riziki.

Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, alianza kuchora picha za kuuza. Hakuwa amesoma chuo cha uchoraji. Hakuwa na fedha za kununua vifaa vya bei kubwa. Alichukua mbao nyembamba, zile zinazotumiwa kutengenezea dari ya nyumba, akachora juu ya vipande vyake vya mraba. Alitumia rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Kwa vitu hivyo alichora wanyama na ndege. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka yaliyoitwa Morogoro Stores, Oyster Bay. Wageni wengi walizipenda wakazinunua.

Fikiri kidogo. Rangi ya baiskeli ilikuwako madukani. Mbao za dari zilikuwako pia. Watu wengi walizipita kila siku. Tingatinga aliona kwamba vitu hivyo vinaweza kufanya kazi nyingine. Huko ndiko kubuni. Mtu anayebuni hangoji kupata kila kitu ndipo aanze. Hutazama alicho nacho, akajiuliza: "Naweza kufanya nini na hiki?"

Lakini Tingatinga alifanya jambo jingine kubwa zaidi. Hakuficha ufundi wake. Angaliweza kusema, "Nikiwafundisha wengine watachukua wanunuzi wangu." Hakufanya hivyo. Aliwafundisha watu wachache waliokuwa karibu naye, wengi wao wakiwa jamaa zake. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah.

Mwaka 1972 Tingatinga alifariki dunia. Polisi walimpiga risasi kwa makosa, wakimdhania kuwa mwizi. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Kama angalifanya kazi peke yake, ufundi ule ungalizikwa siku ile ile. Lakini haukuzikwa. Wanafunzi wake waliendelea kuchora, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji waliunda chama chao cha ushirika, chenye jina la mwalimu wao. Mpaka leo picha za namna ile huitwa tingatinga, na wako watu wanaolisha na kusomesha watoto wao kwa kazi hiyo. Wengi wao hawakupata kumwona Tingatinga kwa macho.

2. Tunza mwili na moyo

Mtu mgonjwa hawezi kujifunza vizuri. Kwa hiyo afya ni jambo la kuangaliwa pia.

Mwaka 1973 palikuwa na kampeni kubwa nchini Tanzania iliyoitwa "Mtu ni Afya." Watu karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, wakazungumza. Kisha walitoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Walijifunza pamoja, wakatenda pamoja.

Lakini afya ni zaidi ya kukosa malaria au kuhara. Shirika la Afya Duniani, lililoundwa mwaka 1948, linafundisha kwamba afya ni kuwa mzima katika mwili, katika akili, na katika kuishi na watu. Moyo ukiwa mzito kwa wasiwasi, hata jembe huwa zito.

Basi jiangalie. Pata usingizi wa kutosha. Usikae peke yako siku zote na mawazo yako. Mweleze mtu unayemwamini. Kazi ya mikono kama kusuka ukili, kuchonga au kushona huwatuliza watu wengi. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya majuma mawili, ukakosa usingizi na hamu ya kula, usione haya. Nenda zahanati ukaeleze. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una tiba.

Tazama pia macho yako. Mtu akipita miaka 40, mara nyingi macho huanza kushindwa kuona herufi ndogo zilizo karibu. Utamwona akisogeza kitabu mbali ili aweze kusoma. Wako watu wazima walioacha kisomo kwa sababu hiyo. Walisema, "Akili yangu imechoka." Kumbe akili ilikuwa nzima, na dawa yake ilikuwa miwani ya kusomea. Kama herufi zinakupotea, mwambie mwalimu wako kabla hujakata tamaa.

3. Jifunze bila kuona haya

Mtu mzima hupata shida moja ambayo mtoto hana. Mtoto akikosea hucheka akajaribu tena. Mtu mzima akikosea huona amevunjiwa heshima. Kwa hiyo wengi wetu hatuulizi.

Wahenga walisema, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Muulize anayejua, hata kama umri wake ni mdogo kuliko wako. Mwanao anaweza kukuonyesha kuandika barua. Kijana wa jirani anaweza kukuonyesha kupanda miche kwa mstari. Heshima yako haipungui. Yeye atakuamkia "Shikamoo" kama kawaida, nawe utaitikia "Marahaba," kisha mtaendelea na kazi.

4. Fundisha kwa kuonyesha na kueleza sababu

Sasa tugeuze upande wa pili. Wewe pia unajua jambo ambalo wengine hawalijui. Labda unajua kufuga nyuki, kusuka mikeka, kufunga majeraha, au kuchagua mbegu.

Tuseme kuna bibi mfinyanzi kijijini. Anafinyanga vyungu vizuri sana. Anachanganya udongo na mchanga kidogo, au vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa. Akimaliza kufinyanga, huweka vyungu kivulini siku nyingi mpaka vikauke kabisa. Ndipo huvichoma kwa kuni na nyasi kavu.

Mjukuu wake anatazama. Anaona udongo, anaona moto. Anadhani amejua. Siku moja anajaribu peke yake. Anafinyanga chungu leo, anakichoma kesho. Chungu kinapasuka motoni: paa! Bibi anasema, "Nilikuambia usiharakishe." Mjukuu anakasirika, anaacha kazi.

Bibi alikosea wapi? Alimwambia asiharakishe, lakini hakumweleza kwa nini. Angalisema hivi: "Mjukuu wangu, chungu kibichi kina maji ndani yake. Kikiingia motoni, maji hugeuka mvuke. Mvuke hutafuta njia ya kutokea, na chungu hupasuka. Ndiyo maana tunangoja." Mtoto aliyeelezwa sababu hasahau. Tena siku nyingine akipata udongo wa namna nyingine, atajua la kufanya bila kuuliza.

Kwa hiyo ukitaka kumfundisha mtu, fuata hatua hizi:

Kwanza, fanya kazi yeye akitazama, nawe ukieleza sababu ya kila jambo.

Pili, fanyeni kazi pamoja.

Tatu, aifanye yeye, nawe utazame. Akikosea, usimnyang'anye kazi. Mwulize, "Unadhani kosa liko wapi?"

Nne, mwache afanye peke yake. Akibadili kitu kidogo kwa akili yake, usimkemee upesi. Tazama kwanza. Pengine amebuni jambo jema ambalo wewe hukulifikiria.

Wengine huogopa kufundisha. Husema, "Akijua, mimi nitakosa." Lakini ukimpa jirani kaa la moto, moto wako hauzimiki. Ujuzi ni hivyo hivyo. Ukimfundisha mtu mmoja, mnakuwa wajuzi wawili.

5. Sasa una kalamu

Wazee wetu waliweka ujuzi vichwani. Mzee alipofariki kabla ya kufundisha, ujuzi wake uliondoka naye. Hakuna aliyeweza kwenda kaburini kumwuliza.

Wewe una kitu ambacho wengi wao hawakuwa nacho. Unajua kuandika. Nunua daftari dogo. Andika jina la kazi unayoijua. Andika vifaa vyake. Andika hatua zake, moja moja, pamoja na sababu zake. Usijali kama mwandiko wako bado haujanyooka. Wajukuu wako hawatatazama mwandiko. Watatafuta maneno yako.

Lakini daftari peke yake halitoshi. Mtu hajui kufinyanga kwa kusoma tu. Basi andika, na pia mwite mtu mmoja umfundishe. Usingoje mwaka ujao. Tingatinga alipata miaka minne tu, lakini aliitumia vizuri.

Maneno ya kukumbuka

kubuni: kufikiri na kutengeneza jambo jipya
mfinyanzi: mtu anayetengeneza vyungu vya udongo
kigae: kipande cha chungu kilichovunjika
mvuke: maji yanayopanda juu kama moshi yakipata moto
chama cha ushirika: umoja wa watu wanaofanya kazi na biashara pamoja

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Tingatinga alianza kuchora mwaka gani? Alitumia vitu gani?
2. Kwa nini ufundi wake haukuzikwa pamoja naye?
3. Chungu kibichi hupasuka motoni kwa sababu gani?
4. Je, kuna ufundi uliokuwako kijijini kwenu zamani ambao sasa haupo? Ulipoteaje?
5. Nani kijijini ana ujuzi ambao bado hajamfundisha mtu? Mnaweza kumwomba vipi aje darasani?

Kazi ya nyumbani

Andika mistari mitano juu ya kazi moja unayoijua vizuri. Mstari wa mwisho uandike jina la mtu utakayemfundisha kazi hiyo. Siku ya darasa, njoo na daftari lako. Ukiweza, njoo na mtu huyo.